Makaratasi ya Mzee Yasiende Jikoni



Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka na watunza hazina wa vyama vya ushirika. Wiki hii naomba tuigeuze kidogo, kwa sababu mara nyingine daftari lenyewe ndilo mali, nalo linaisha bila habari huku tukilitazama.

Nazungumzia maandishi ya kale. Mtu wa mjini akisikia maneno hayo, mawazo yake yanaruka hadi Ulaya. Anawaona watawa wa zama za kati wakiandika kwa unyoya juu ya ngozi ya ndama, na vitabu vikubwa vilivyofungiwa katika maktaba zenye walinzi. Anasema moyoni: hayo ni ya wenzetu, sisi huku Bukoba na Muleba hatukuwa na kalamu. Akiisha kusema hivyo anakunja gazeti na kwenda zake.

Naomba asikunje bado. Kwanza nimpeleke Kilwa, kisha nimrudishe Ihangiro.

Kuna maandishi ya Kiarabu yaitwayo Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani habari za Kilwa. Mwandishi wake, ambaye jina lake halikutufikia, aliyatunga katika karne ya 16, baada ya Wareno kuwa wamekwisha kuiteka Kilwa mwaka 1505. Lakini habari anazozisimulia zinaanza karne nyingi kabla yake, tangu kufika kwa wale wanaosemwa kuwa Washirazi. Maana yake ni kwamba hata yeye aliandika aliyoyapokea kwa masikio. Karatasi ilikuwa changa, maneno yalikuwa mazee.

Karatasi yenyewe aliyoiandika kwa mkono wake haipo. Tulichobaki nacho ni nakala iliyoandikwa Unguja katika karne ya 19 na kufika London kupitia kwa John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar wakati huo. Leo iko katika Maktaba ya Uingereza, na Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Katika utangulizi mwandishi anaahidi sura kumi, lakini nakala inakoma kwenye sura ya saba. Zile tatu zilikwenda wapi? Huenda zililiwa na mchwa, huenda mnakili alichoka, huenda hazikuandikwa kamwe.

Kwa bahati, Mreno João de Barros naye alikuwa ameipata historia ya wafalme wa Kilwa, akaitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Ukiziweka simulizi hizi mbili pamoja, majina na hesabu za miaka hazilingani. Wataalamu hawakutupa hata moja. Neville Chittick alipochimbua magofu ya Kilwa miaka ya 1960 alizilinganisha na sarafu zilizotoka ardhini, na kutokana na ulinganifu huo ratiba ya masultani ikapangwa upya. Hapo tunapata somo la kwanza la mazungumzo haya. Nakala moja ni bahati nasibu, na nakala mbili zinazobishana zina faida kuliko moja iliyonyamaza.

Sasa turudi nyumbani. Ni kweli kwamba katika himaya za Wahaya, kuanzia Kiziba hadi Ihangiro, kalamu ilichelewa kufika. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mapadri Wazungu walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Basi karatasi zetu nyingi za zamani hazina umri mkubwa sana. Lakini nani alisema umri wa habari hupimwa kwa umri wa karatasi? Ikiwa Kilwa iliandika katika karne ya 16 mambo ya karne nyingi nyuma, kuna tofauti gani na mzee wa Kiziba aliyeandika katika karne ya 20 orodha ya Abakama aliyoipokea kwa babu, naye babu akaipokea kwa babu yake?

Mzee huyo tunamjua kwa jina. Ni Francis Xavier Lwamgira, aliyekuwa katibu wa baraza la watawala wa Bukoba wakati wa Waingereza. Alikusanya habari za Kiziba na watawala wake akaziandika kwa Kihaya, na kitabu chake, Amakuru ga Kiziba na Abakama Bamu, kilichapwa Kashozi mwaka 1949. Mwaka 1969 kilitafsiriwa kwa Kiingereza huko Makerere. Kabla yake, mwaka 1910, Mjerumani Hermann Rehse alikuwa ametoa kitabu kuhusu Kiziba hiyohiyo, kilichochapwa Stuttgart kwa Kijerumani. Kwa hiyo Kiziba, kama Kilwa, ina simulizi zake mbili za kulinganisha: ya mwenyeji na ya mgeni. Swali ni hili: kijana wa Bukoba leo anaweza kuipata ipi? Nakala za Lwamgira nilizowahi kushika zilikuwa fotokopi ya fotokopi, kurasa za pembeni zimekatika, na baadhi ya majina ya Abakama yamegeuka kivuli cheusi. Kitabu kilichochapwa kwa mashine karne iliyopita tu kinaanza kutenda kama muswada wa Kilwa!

Niendelee Muleba. Pale Rubya, katika Ihangiro, kuna seminari ya tangu enzi za Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliletwa hapo kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe aitwaye Aniceti Kitereza. Alikaa takriban miaka kumi akisoma Kilatini na lugha nyingine, kisha akarudi kwao. Baadaye maradhi ya viungo yalimlemaza, lakini mkono uliofundishwa Rubya haukuacha kuandika. Aliona mila za Wakerewe zinafifia, akatunga kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na ndani yake akaweka kila kitu: jinsi ya kuposa, kulima, kutibu, kuvua, kuzika. Aliumaliza muswada mwaka 1945.

Ndugu msikilizaji, muswada huo ulikaa miaka 35. Wakati wote huo hapakupatikana mchapaji wa kitabu cha Kikerewe, kwa kuwa wanunuzi wangekuwa wachache. Mwaka 1972 Wamarekani Gerald na Charlotte Hartwig waliandika habari zake katika jarida la fasihi ya Afrika, dunia ikajua kwamba kisiwani kuna mzee mwenye hazina. Ilimbidi Kitereza mwenyewe akae tena, mzee na mgonjwa, aitafsiri kazi yake yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Tangu hapo imesomwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, aliitoa kwa Kiingereza akitafsiri kutoka Kikerewe.

Hebu tujiulize: kama katika miaka hiyo 35 paa lingevuja usiku mmoja tu, au mjukuu angehitaji karatasi ya kuwashia moto, leo tungekuwa tunazungumza nini? Tusingekuwa na la kuzungumza. Na ubaya wa hasara ya namna hii ni kwamba haina kilio. Nyumba ikiungua majirani hukimbia na ndoo. Daftari likiungua, hata aliyeliunguza hajui.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mkoa wa Kagera umepita katika misukosuko ambayo kila mmoja ulivunja kiungo cha mnyororo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya Mto Kagera; watu walikimbia na watoto mgongoni, si na masanduku ya karatasi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu, na miaka iliyofuata ugonjwa huo ulichukua akina baba na akina mama waliokuwa katikati, yaani wale ambao wangepokea kwa wazee na kuwapa watoto. Bibi akabaki na wajukuu. Wengi wa wajukuu hao walilelewa kwa shida, wakaondoka kutafuta maisha Mwanza na Dar es Salaam kabla hawajauliza chochote. Kisha Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliangusha nyumba nyingi, na hata shule kongwe kama Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Tuliwahesabu waliokufa na nyumba zilizoanguka, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Masanduku yaliyolowa chini ya kifusi hakuna aliyeyahesabu.

Ongeza juu ya hayo mvua. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Unyevu unaoinenepesha migomba ndio huohuo unaoota ukungu juu ya wino.

Niliwahi kualikwa katika kijiji kimoja cha Muleba baada ya matanga, sanduku la bati la marehemu lilipofunguliwa. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kahawa za BNCU, picha mbili, kitabu cha sala, na kaunta buku nne zilizoandikwa kwa penseli na wino. Moja ilikuwa na nasaba ya ukoo hadi vizazi kumi na kimoja. Nyingine ilikuwa na majina ya miti ya dawa. Ya tatu ilikuwa na kesi alizoamua marehemu kama mzee wa ukoo. Na ya nne ilikuwa na vibanja: nani alipewa na nani, kwa masharti gani, mwaka gani.

Ile ya nne ndiyo iliyozua kelele. Mnakumbuka mfumo wa nyarubanja, ambapo wakubwa walimiliki maeneo na wapangaji wakawalipa ushuru na utumishi, hadi sheria za miaka ya 1960 zilipouvunja. Daftari lile lilikuwa linataja kwa majina babu za majirani walioketi pale uani wakinywa rubisi kuwa walikuwa wapangaji. Kijana mmoja wa nyumba ile akasema lichomwe, lisije likaleta kesi. Mwingine akasema lisichomwe, huenda likashinda kesi. Mama mmoja mtu mzima, mkwe wa marehemu, akawakata kauli: "Wanangu, mnabishana juu ya shamba. Mimi naona hapa jina la mama yangu, na sijawahi kuliona limeandikwa popote."

Uani pakawa kimya. Nami nawaambia, msikilizaji, mama yule alikuwa amesema kwa sentensi moja kile ambacho wasomi huandikia vitabu. Maandishi ya kale si mali ya yule aliyetajwa kwa sifa peke yake. Ni mali pia ya aliyetajwa pembeni, kwa bahati mbaya, kama mdaiwa, kama mpangaji, kama mke wa fulani. Mara nyingi hapo pembeni ndipo mahali pekee alipoachwa.

Kwa hiyo hofu ya watu kuhusu makaratasi si ya kudharauliwa. Wapo wanaoficha kwa sababu za ardhi, na wapo wanaoficha kwa sababu za heshima ya ukoo. Mtafiti akija na kamera akitaka kila kitu siku ya kwanza, atafungiwa mlango, na atastahili kufungiwa. Lakini kuna njia kati ya kuchoma na kutangaza. Siku ile walikubaliana nasaba na dawa zipigwe picha na kila tawi la ukoo lipate nakala. Daftari la kesi na la vibanja yakae kwa mzee mmoja, yasomwe kwa ruhusa. Sikusema kwamba mambo yaliisha vizuri yote. Nilipopita tena, daftari la dawa lilikuwa limeazimwa na ndugu mmoja, na hadi leo halijarudi. Picha zake ndizo zilizobaki, na kwa picha hizo majina ya miti bado yanasomeka.

Wenzetu wa Timbuktu, nchini Mali, wanatufundisha jambo katika hili. Miswada yao mingi haikuwa katika majumba ya serikali. Ilikuwa katika masanduku ya familia, imerithiwa kizazi hadi kizazi. Wapiganaji walipouteka mji mwaka 2012, familia na wakutubi, wakiongozwa na Abdel Kader Haidara, waliyahamisha masanduku kwa siri, kwa magari na kwa mitumbwi, hadi Bamako. Januari 2013 wapiganaji walipokuwa wanaondoka walichoma sehemu ya yaliyobaki. Yaliyookoka yaliokolewa na watu waliojua ndani ya sanduku lao kuna nini. Je, mimi na wewe tunajua?

Sitaki pia tudhani kwamba karatasi ndiyo peke yake. Mulokozi, mwana wa Kagera aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka na kinasa sauti kwa wapiga enanga, akazinasa tenzi kama za Rukiza na Kachwenyanja, na mwaka 1986 akazitolea tasnifu. Utenzi wa enanga ni muswada usio na karatasi: una mtunzi, una wanakili, na kila mnakili hubadilisha kidogo. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wazee walimwonyesha Peter Schmidt mwaka 1969 na 1970 mahali panapoitwa Kaiija, wakasimulia habari za Omukama Rugomora Mahe na wahunzi. Alipochimba alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, ya takriban miaka 2,000 na zaidi. Wazee hawakuwa na tarehe, lakini walikuwa na mahali. Walipajua kwa sababu mtu mmoja alimwambia mwingine, bila kukatika, muda wote huo.

Sasa tufanye nini? Nimeahidi mara nyingi kwamba mazungumzo haya hayataishia kwenye kulalamika.

Kwanza, toa masanduku chini ya paa linalovuja na uyainue kutoka sakafuni. Mchwa hupanda kutoka chini na maji hushuka kutoka juu. Usifunge karatasi katika mfuko wa nailoni, maana hutoa jasho na kuota ukungu. Bahasha ya khaki au kitambaa safi cha pamba ni afadhali.

Pili, usizibe mipasuko kwa selotepu wala usiipeleke hati kongwe kulamineti. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka, na lamineti haibanduki tena bila kuivunja hati.

Tatu, tumia simu yako. Leo nyumba nyingi zina simu yenye kamera. Weka daftari mezani karibu na dirisha, mchana, bila kumulika taa ya simu, piga ukurasa mmoja mmoja kwa mpangilio, ukianzia jalada. Kisha andika ni daftari la nani, limetoka kijiji gani, nani anasimulia habari zake. Picha isiyo na maelezo ni yatima. Na usiiache katika simu hiyohiyo, kwa kuwa simu nayo huibiwa na kutumbukia ziwani. Mpe ndugu nakala Dar es Salaam, mpe mwingine Mwanza, na moja ichapwe kwenye karatasi.

Nne, usisahihishe. Babu akiandika jina la Omukama kinyume na ulivyofundishwa shuleni, mwachie babu. Kumbuka Kilwa: kubishana kwa nakala ndiko kulikowasaidia wataalamu.

Tano, mkalishe bibi au babu mkiwa na daftari mbele yenu, asome, umnase sauti. Kihaya cha zamani kina maneno ambayo wengi wetu waliozaliwa mjini hatuyajui, na karatasi peke yake haitatufafanulia.

Na kwa halmashauri zetu za Bukoba na Muleba, kwa shule, kwa makanisa na misikiti: mnavyo vyumba na makabati. Nchi ina Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Lakini mtu wa Kamachumu hatapanda basi hadi Dar es Salaam kupeleka kaunta buku ya babu. Apatiwe mahali karibu ambapo anaweza kuleta, ikapigwa picha mbele ya macho yake, akarudishiwa daftari lake mkononi siku hiyohiyo. Hiyo ya kurudishiwa ni muhimu kuliko zote. Watu wetu wameona vitu vingi vikiazimwa na wasomi vikaenda moja kwa moja, na sasa wakitaka kuvisoma inabidi waombe visa.

Wiki ijayo nyumba nyingi zitafanya usafi wa Jumamosi kama kawaida. Kabla mtu hajamwambia mtoto achukue "yale makaratasi ya mzee" akawashie moto, naomba mtu mzima mmoja akae chini, afungue ukurasa wa kwanza, asome kwa sauti majina atakayoyakuta.